Sinia Lililorudi na Chakula

Ujiji, Jumatatu 11 Novemba 1996

Daftari hili si langu, ni la tumbo langu. Tabibu Oswald, yule Muha wa Kasulu mwenye zahanati ndogo kule Gungu, ameniambia niandike kila siku nimekula nini, nimekulaje, na baada ya hapo tumbo limesema nini. Nikamwuliza, "Daktari, mtu aliyeishia darasa la sita ataandikaje tumbo?" Akasema, "Andika unavyoongea, Mzee Haruna. Kuongea hujaanza leo."

Sababu ya kwenda kwake nitaiandika mara moja tu. Ijumaa iliyopita, katikati ya swala, tumbo lilinitoa kwenye safu. Sikutoka kimyakimya. Waliokuwa nyuma yangu walijua kwa nini natoka kabla mimi sijajua. Mimi Haruna Mlekwa, niliyefanya kazi melini hadi Mpulungu, niliyekula nyama choma ya Bujumbura na samaki wa Kalemie bila kuomba hata maji ya ndimu, nilishika viatu mkononi nikapita mbele ya watoto wa madrasa, wanacheka ndani ya mikono ya kanzu.

Tabibu amenibonyeza, akaniuliza huwa nakula kwa muda gani. Nikamjibu kwa fahari kwamba melini tulikula sinia moja watu wanane, na ukikaa unatafuna umelala njaa. Basi mimi sitafuni, nakabidhi. Hakucheka. Akasema tonge likiingia mdomoni, mkono uuweke gotini, usirudi kwenye sinia mpaka umemeza. Tafuna mpaka ladha ibadilike. Usiongee na chakula mdomoni. Kitazame unachokula. Tumbo likisema basi, lisikilize.

Leo ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa mawese. Nimekula kama kawaida. Tumbo limesema mengi.

Alhamisi 14 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ugali, maharage. Mkono niliuweka gotini, ukatoroka.

Jumamosi 16 Novemba

Niandike na habari za mgeni wangu, maana tunakula sinia moja. Anaitwa Dismasi, fundi cherehani wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, na mkewe ni Honorata. Vita vilipoingia kwao walivuka na mtumbwi wa injini wakashuka Kibirizi mwishoni mwa mwezi uliopita. Nami nilikwenda pale kutazama, kama mji mzima ulivyokwenda kutazama. Nikaona mtu amekalia kichwa cha cherehani kilichofungwa shuka, nguo zinachuruzika maji, anamfuta mkewe uso kwa kiganja. Bibi mzaa baba alitoka upande ule ule, huko Kasongo. Nikasema hawa ni wangu. Walikwenda uwanja wa mpira kuandikishwa kama wenzao, lakini kulala ni kwangu, chumba cha uani, kitanda cha mninga.

Dismasi ananiita yaya. Siku ya kwanza nilitaka kukasirika, nikamwambia mimi sijawahi kulea mtoto wa mtu. Kumbe kwao yaya ni kaka mkubwa. Mwanakombo mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Leo pale Mwanga, kwenye kijiwe cha kahawa, baada ya kufunga meza yangu ya mitumba, niliwaambia wenzangu, "Kuna watu wanapokea wageni halafu wanawalaza njaa. Kwangu sinia halijawahi kurudi tupu. Mgeni anakula, anashiba, anaacha. Bata wa Mwanakombo wamenenepa kwa makombo hadi mfereji unawashinda kuvuka."

Martini, muuza dagaa, akaniuliza, "Mbona fundi wako anazidi kukonda?"

"Ana minyoo ya kwao," nikasema. "Inakula kwa niaba ya kijiji kizima. Ngoja ishibe, itahama."

Walicheka wote. Nami nilicheka. Usiku kiungulia.

Jumatano 20 Novemba

Mvua na upepo kutoka ziwani. Ndizi na maharage. Nimekula nimesimama, maji yalikuwa yanaingia chumba cha mbele.

Jumapili 24 Novemba

Kitu cha kuchekesha. Honorata amenenepa. Yeye na Mwanakombo wanakula uani, sufuria katikati, wanaongea mpaka jua linahama ukuta. Amepata shingo. Lakini mumewe leo nimemkuta kibarazani anapunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe. Nikamwambia, "Fundi, ndiyo mtindo wa Baraka huo, kubana kiuno kama bwana harusi?" Akatabasamu, uzi ukiwa mdomoni. "Kitambaa hiki kinalegea, yaya."

Nilimwamini. Mimi ninayeuza suruali kuukuu miaka yote hii nilimwamini mtu aliyesema kitambaa cha jinzi kinalegea.

Wali wa nazi kwa samaki wa kuhe. Umebaki mwingi, bata wamefaidi.

Ijumaa 29 Novemba

Leo nimekasirika, na nitaandika yote.

Baada ya swala nilipita na Martini kando ya uwanja wa mpira. Foleni ya uji ilikuwa imezunguka hadi barabarani, watu na makopo yao, watoto na vifuniko. Katikati ya foleni namwona Dismasi. Ana kikombe cha plastiki, chekundu, cha nyumbani kwangu.

Martini akasema polepole, "Si fundi wako yule?"

Ningeweza kupita. Ningeweza kujifanya natazama upande wa ziwa. Lakini nilikuwa nimeshasema sana kijiweni, na Martini alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu aliyepata habari ya kwenda nayo.

"Fundi," nikaita, sauti ile ya kunadi mitumba. "Umekuja kuwapima suruali foleni nzima?"

Vichwa vikageuka. Dismasi akashusha kikombe ubavuni. "Nilikuja kuona ndugu wa Baraka, yaya."

"Na kikombe nacho kina ndugu hapa?"

Wakacheka. Wengine walikuwa na njaa na bado walicheka. Nikazidi. "Jamani, huyu anakula kuhe kwa nazi kwangu. Mkimpa uji huu atatapika, hajauzoea. Au sukari ya hapa inatoka Ulaya? Niambieni nami nilete kopo."

Akatoka kwenye foleni. Mbele yake walikuwa wamebaki watu wawili na sufuria. Akatufuata nyuma, mvua ikaanza, hakuharakisha hatua.

Nyumbani nikamwambia Mwanakombo achinje jogoo. Akauliza jogoo wa nini siku ya kawaida. Nikamwambia achinje tu. Tulipokaa na Dismasi nikamsogezea paja. "Leo utakula mpaka wewe mwenyewe uniombe nikuache." Nikala kwa hasira, na hasira haina meno, nilimeza vipande kama vidonge. Nikanawa. Naye akanawa. Jogoo nusu nzima akarudi uani.

Nikajisemea moyoni, si unaona. Nyama ameiacha, uji anaupangia foleni. Mtu wa ajabu.

Tumbo linaniuma mpaka mgongoni.

Jumatatu 2 Desemba

Nimempeleka Dismasi kwa tabibu kwa ajili ya minyoo. Nilitangulia mimi ndani. "Mwakeye, daktari," nikamsalimu kwa Kiha chake ili anihudumie haraka, "nimekuletea ghala la minyoo." Akapima choo na damu. Minyoo hana. Malaria hana.

"Ana nini basi?" nikauliza.

"Apewe chakula."

"Daktari, huyu anakula kwangu."

Tabibu alifungua daftari langu akasoma, nikaona anarudia kurasa. "Umeandika vyakula vizuri," akasema. "Kutafuna sikuoni humu." Dismasi alikuwa anatazama picha ya mtoto ukutani. Nikasema masika haya nina shughuli nyingi, nitaanza.

Jumatano 4 Desemba

Nimetapika alfajiri. Mwanakombo alinishika paji la uso kama mtoto. Nimeapa. Kuanzia kesho natafuna.

Ijumaa 6 Desemba

Sijui niandikeje, lakini nimeagizwa kuandika.

Leo nimetii kila neno la tabibu. Nimekaa, bismillahi, tonge, mkono gotini. Nikatafuna. Ugali wa muhogo ukitafunwa mpaka mwisho unakuwa mtamu. Nina miaka hamsini na miwili, nimekula ugali huo tangu sijaota meno, sikujua kuwa ni mtamu. Nikataka kumwambia Dismasi, nikakumbuka sitakiwi kuongea. Basi mdomo umefungwa, mkono umefungwa, kilichobaki wazi ni macho. Nikatazama sinia.

Nikaona mkono wake. Haukuwa kwenye sinia. Ulikuwa gotini, kama wangu. Nikameza, nikachukua tonge, ndipo naye akachukua. Nikatafuna, akatafuna. Nikakawia makusudi, naye akakawia. Mkono wake haukwenda kwenye chakula hata mara moja kabla ya wangu. Na ulipokwenda ulikwenda upande wake tu, kwenye mchuzi. Samaki alikuwa upande wangu, mzima, na jicho lake.

Kwetu sinia ni la mwenye nyumba. Yeye analifungua, yeye analifunga. Akisema alhamdulillahi akavuta bakuli la maji, mgeni anayeendelea kula anaonekana mroho. Hili halikuandikwa popote, na hakuna asiyelijua, huku wala ng'ambo. Mimi mwenyewe nikiwa kijana Mpulungu nililala njaa nyumbani kwa mtu kwa sababu hiyo, na nikamsema melini mwaka mzima.

Sasa mimi nakula kwa kasi ya kuzima moto. Tonge langu la tano likiwa linashuka, mtu mwenye adabu yuko kwenye la kwanza. Halafu nanawa. Nikaanza kupiga hesabu tangu walipofika, mchana na jioni, nikaiacha katikati, sikuipenda ilikokuwa inaelekea.

Nikamsogezea samaki. Sikunawa. Nilikaa, mkono kwenye ukingo wa sinia, najifanya natafuta kipande fulani. Akala. Kwanza polepole, halafu si polepole. Alikula ameinamisha uso karibu na sinia na hakuniangalia. Alimaliza mnofu, akamaliza kichwa, akapangusa mchuzi kwa ugali wa mwisho.

Mwanakombo alipolichukua sinia akalitazama chini na juu. "Leo bata wangu mmewaonea," akasema.

Nikawakumbuka bata. Nikakumbuka jogoo. Nikakumbuka foleni na watu wawili waliobaki mbele yake. Masikio yaliniwaka moto, nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, na jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Tumbo limetulia. Limetulia kabisa. Sina pa kuiweka aibu hii.

Jumamosi 7 Desemba

Nilimlaumu Mwanakombo. Nikamwambia mwanamke mwenye akili angejua. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Baba Asia," akasema, "mimi naletewa sinia lina chakula. Nijue nini? Aliyekaa na mtu ana kwa ana ni wewe."

Jumanne 10 Desemba

Nimekwenda kibarazani alikokuwa anashona. Nilipanga maneno njia nzima kutoka Mwanga, nikafika nikatoa mzaha. Nikasema, "Fundi, nasikia kuna mwenye nyumba mmoja Ujiji anakula kama gari la zimamoto."

Hakucheka. Akainua mguu wa cherehani, akakata uzi.

"Dismasi," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, yaya?"

"Kwamba hushibi."

"Uliniuliza kila siku kama nimeshiba. Nilikujibu kila siku." Akaigeuza suruali aliyokuwa anaishona. "Kwetu mwenye nyumba akinawa, chakula kimekwisha. Kwenu si hivyo?"

"Ni hivyo."

"Basi."

Nikamwambia naomba radhi, na kwa ajili ya uwanjani pia. Akasema pale uwanjani hapakuwa na neno. Lakini alisema haraka mno, na mguu ukaanza kukanyaga cherehani, na cherehani ikichacharika hamwezi kusikilizana.

Jumapili 15 Desemba

Nafuata masharti ya tabibu yote. Kiungulia hakuna. Gesi hakuna. Ijumaa nimesali mpaka salamu ya mwisho.

Lakini sasa sinia limekuwa zito. Namtazama. Najua natazama na siwezi kuacha. Akichukua tonge dogo nasema, "Ongeza." Akisita nasema, "Usinisubiri." Nimekuwa nahesabu vidole vyake. Jana alipeleka mkono kwenye nyama, akaona macho yangu, mkono ukarudi mtupu. Nilikuwa namlaza njaa kwa haraka, sasa namlaza njaa kwa huruma.

Alhamisi 19 Desemba

Mvua. Ziwa limechafuka, mitumbwi haikutoka. Kisamvu kwa mawese. Honorata anakiita sombe, anasema chetu tunakipika kama dawa.

Jumapili 22 Desemba

Dismasi amesema wanakwenda kambini, kule upande wa Kasulu. Lori linaondoka Jumamosi. Alisema baada ya chakula, tumeshanawa, mikono yake bado ina maji.

Nikamwambia hapana. Nikataja kila kitu, kitanda cha mninga, kazi ya kupunguza nguo za mitumba, wateja wa Mwanga waliokwisha kumzoea. Nikataja na matope ya huko, na baridi, na turubai. Nilipoishiwa nikasema, "Watu watasema nini?"

Hilo lilitoka lenyewe. Alilisikia, nami nililisikia.

Akasema, "Yaya, umetupokea muzuri. Nitasema hivyo popote. Lakini miye nataka sahani yangu. Hata kama ina maharage ya msaada, niikalie mwenyewe, nile nimalize, hakuna mtu wa kuniangalia kwa hasira ao kwa huruma."

Mwanakombo alikuwa mlangoni. Alirudi uani.

Jumamosi 28 Desemba

Wameondoka. Mwanakombo na Honorata walilia, wakabadilishana kanga. Mimi nilifanya mzaha na dereva, kila mtu akacheka, lori likaenda.

Jumamosi 4 Januari 1997

Leo niliamua kusema. Niliyoyasema kijiweni niyafute kijiweni. Walikuwepo wote, na Martini alikuwepo. Nikasimama, kikombe mkononi, nikasema, "Jamani, yule fundi hakuwa na minyoo. Nilimlaza njaa mimi. Nilikuwa nakula upesi, nanawa, naye kwa adabu ananawa. Sinia nililojisifia kuwa linarudi na chakula, kile chakula kilikuwa njaa yake."

Halafu Martini akaanza kucheka, akajipiga paja. "Haruna, wewe huyu. Yaani umeishinda mpaka minyoo."

Wakaangua kicheko wote. Mzee mmoja akajifuta machozi. Nikasema, "Nasema kweli, wallahi sitanii," na hapo ndipo walicheka zaidi, maana ndivyo ninavyoanza vichekesho vyangu vyote. Mwuza kahawa akaniongezea kikombe cha bure, malipo ya kuwachekesha.

Nilikinywa. Nilikaa pale nikakinywa chote.

Jumatano 15 Januari

Ramadhani. Mvua asubuhi, jua kali alasiri, njaa imenishika tangu adhuhuri. Njaa yangu ina adhana mwishoni. Nilikaa kwenye meza ya mitumba nikifikiria ile isiyokuwa na adhana, mtu anasubiri mkono wa mwenzake tu.

Futari: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi. Nilikula polepole. Tabibu Oswald, akiona kurasa hizi, atafurahi sana. Sitamwonyesha.

Jumamosi 25 Januari

Waalikwa wanne kwa futari. Nilinawa wa mwisho. Mmoja akauliza kama naumwa.

Jumanne 11 Februari

Sikukuu imepita. Pilau ya Mwanakombo ililiwa ikaisha, masufuria yakakwanguliwa. Zamani sufuria tupu siku ya Idi lingenifedhehesha. Mwanakombo akasema, "Bata wamekonda, tuwachinje au tuwanunulie pumba?" Nikamwambia tuwachinje, sitaki kuwaona.

Jumatatu 3 Machi

Mvua kubwa, ukuta wa choo umeanguka. Nimesikia kuna mfanyabiashara wa maharage anapeleka lori upande wa Kasulu katikati ya mwezi. Nimemwomba nafasi juu ya magunia.

Jumapili 16 Machi

Nimerudi leo, mgongo umekatika, na kabla sijalala naandika.

Kambini nilimpata kwa kuuliza fundi wa Baraka. Kila mtu alimjua. Nilibeba migebuka mikavu na maboksi ya nyuzi. Ana kibanda cha miti na turubai, mbele amejenga kibaraza cha udongo, cherehani iko pale. Akasimama, nikamwona. Mashavu yamerudi. Suruali ni ile ile ya jinzi, na kiunoni naona mstari wa mshono wa zamani. Ameuachia.

Niwe mkweli, sikufurahi mara moja. Kwanza nilichomwa. Unga wa msaada na maharage vimefanya kazi ambayo kuhe wangu na jogoo wangu hawakuifanya. Furaha ilikuja baadaye kidogo, inajikokota.

"Yaya," akaniita, akanikumbatia mbele ya watu.

Honorata alinipokea mzigo, samaki akawatundika juu ya moshi. Nikasema tuwale leo. Akasema, "Hawa ni wa kesho. Leo unakula chakula yetu." Akapika bukari, ndio ugali wao, ya unga wa njano na maharage, mafuta kidogo juu. Sinia lilikuwa kipande cha bati la kopo la mafuta ya msaada, kingo zimekunjwa vizuri kwa nyundo zisikate mtu. Akaliweka katikati yetu, yeye akakaa mlangoni na sufuria lake.

Dismasi alimega kwanza. Akasema, "Karibu."

Nilikuwa na njaa ya safari nzima, lakini sasa mkono wangu una adabu, unakaa gotini wenyewe. Nikatafuna. Dismasi naye alitafuna, na alitafuna kuliko mimi. Tuliongea kidogo kati ya tonge na tonge, habari za Mwanakombo, habari za bei ya turubai. Bukari ikashuka, ikawa kilima kidogo. Nilijua mgao ule ni wa siku zao mbili. Ndipo nikautazama mkono wake.

Ulikwenda kwenye sinia, ukamega, ukaviringisha, ukachovya, ukapanda mdomoni. Vidole vilikuwa vitupu. Hakukuwa na tonge. Akatafuna, akameza, akarudisha mkono tena polepole. Sijui alikuwa ameanza lini. Alikuwa anakula hewa, na anaacha sinia wazi kwa ajili yangu, maana akinawa nami nimekwisha kula.

Nikasema, "Nimeshiba, ndugu yangu."

"Bado," akasema. "Miye ningali nakula. Utaniacha peke yangu?"

Nikarudisha mkono. Nikamega punje. Naye akamega hewa. Tukakaa hivyo wazee wawili, tunakoroga mchuzi wa maharage kwa ncha za vidole, kila mmoja anatafuna kwa bidii kitu ambacho hakipo.

Honorata akatutazama muda, halafu akasema kutoka mlangoni, "Bukari inapoa. Kama mnaogopana niite jirani, yeye haogopi."

Dismasi akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa na ile hewa yake, nami nikacheka, na nilikuwa sijamsikia mtu huyu akicheka nyumbani kwangu hata siku moja. Alipotulia akalivuta lile tonge la mwisho kutoka pembeni, akalimiminia maharage yaliyobaki, akaligeuza sinia mpaka likanielekea mimi.

Nilikuwa na maneno. Mimi siku zote nina maneno. Ningeweza kusema tumbo langu, tabibu amenikataza, ningeweza kulirudisha kwa mzaha na wote tukacheka tena, nao wakabaki na chakula cha kesho asubuhi. Nikamwona ameweka mkono kwenye ukingo wa bati, amekaa wima, fundi nyumbani kwake, mbele ya mkewe.

Nikalila. Masikio yalikuwa yananiwaka na nilitafuna mpaka mwisho, na yeye hakugusa bakuli la maji mpaka aliponiona nimemeza.